Mwalimu wa Kubaki: Uandaaji na Utunzaji wa Walimu katika Shule za Kilwa na Pwani ya Lindi

Mwanzoni mwa mwaka 2025 wahitimu wa ualimu wasio na kazi walijitokeza hadharani chini ya umoja wanaouita NETO, wakidai waajiriwe. Wakati huohuo, ukiiacha lami pale Nangurukuru, wilayani Kilwa, ukashika njia ya Liwale, au ukipanda milima ya Umatumbi kuelekea Kipatimu, si ajabu kukuta shule ya msingi yenye madarasa saba na walimu watatu au wanne. Ratiba ya vipindi imebandikwa ukutani katika ofisi ya walimu, imepigwa mistari kwa rula na kujazwa kwa kalamu za rangi mbili, ila haifuatiki. Darasa la kwanza na la pili wameunganishwa, la tano wananakili maandishi ya ubaoni bila mwalimu, na mwalimu mkuu yuko safarini kupeleka taarifa halmashauri. Kiwango cha serikali cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 kinajulikana na kila mtu shuleni hapo, na hakuna anayekumbuka lini kilifikiwa.

Nchi ina walimu wasio na shule na shule zisizo na walimu. Hali hiyo hatuwezi kuieleza kwa uhaba wa bajeti peke yake. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba kwa muda mrefu tumeushughulikia upungufu wa Lindi kama suala la kuwapangia watu vituo, na kwa kufanya hivyo tumeiacha kazi kubwa zaidi, ya kumwandaa mwalimu kwa ajili ya mahali na kumtunza akiwa hapo. Mwalimu anayepangiwa tu huanza kutafuta uhamisho kabla hajamaliza muhula wa kwanza. Na watoto hawasubiri: kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, watu wa Mkoa wa Lindi waliongezeka kutoka 864,652 hadi 1,194,028.

Jiografia ya mkoa huu ni mwalimu mkali kwa mgeni. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, Kusini ilitegemea kivuko, na masika yakikolea safari ya Dar es Salaam ilikuwa bahati nasibu. Kipande cha kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga kilichukua miaka mingi zaidi kupata lami. Hata baada ya hapo, Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu eneo la Somanga. Hiyo ni barabara kuu. Njia za Njinjo na Miguruwe hukatwa na maji ya Matandu bila gazeti lolote kuandika, na Songosongo hufikiwa kwa chombo cha baharini. Mwajiriwa mpya aliyesomea Mwanza au Moshi anashuka basi Nangurukuru na begi na godoro, anapanda bodaboda kwa saa kadhaa, anafika kwenye kijiji ambako nyumba ya mwalimu ni moja na anaishi mwalimu mkuu. Hana anayemjua. Watoto wa darasa la awali wanazungumza Kimatumbi au Kingindo nyumbani na Kiswahili chao ndiyo kwanza kinachipua. Chuoni hakuna aliyemwambia hata moja ya haya.

Tunalo somo letu wenyewe hapa, ingawa tumelizoea kulidharau. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE) ifikiwe ifikapo 1977, vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu kwa kasi hiyo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafundisha ualimu vijijini mwao kwa miaka mitatu: walifundisha sehemu ya siku, wakasoma kwa posta na kwa vipindi vya redio, wakakutana na waratibu wa elimu, kisha wakamalizia kwa wiki chache chuoni. Walipatikana makumi ya maelfu. Jina la “walimu wa UPE” likawa la kubeza, na sababu zilikuwapo, maana wengi walifundisha hesabu wasizozielewa wenyewe. Lakini katika kubeza tumeutupa mpango mzima, na ndani yake kulikuwa na jambo la maana sana. Watu wale walibaki. Walikuwa na mashamba, wazazi na wake au waume palepale, na wengi walistaafia katika wilaya walizozaliwa. Kasoro ilikuwa katika kina cha elimu waliyopewa. Mahali walipoipatia hapakuwa na kosa.

Miradi ya haraka iliyofuata ilirithi kasoro bila kurithi faida. Chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), kuanzia 2002, mafunzo ya cheti yaligawanywa kuwa mwaka mmoja chuoni na mmoja shuleni. Shule za sekondari za kata zilipofumuka baada ya mpango wa elimu ya sekondari, MMES, wa mwaka 2004, vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na leseni, nao wakabatizwa “voda fasta.” Mafunzo yalikuwa mafupi kuliko ya UPE, na safari hii mwalimu alitoka kokote na kupelekwa kokote.

Nikiwatazama waliobaki katika vijiji vya Kilwa leo, naona alama moja inayojirudia: mikorosho. Mkorosho huchukua takriban miaka mitatu kuanza kuzaa, na zaidi kabla haujatoa mavuno ya maana, kwa hiyo mwalimu anayepanda ekari mbili ameshaamua. Wengine hulima ufuta, wanauza mnadani kupitia vyama vya ushirika vya mazao (AMCOS) kama wanakijiji wenzao, wanaoa au kuolewa hapo. Wakaguzi wamezoea kuliona shamba la mwalimu kama mshindani wa darasa, na mara nyingine, hasa msimu wa kupalilia, wana haki. Hata hivyo sera yoyote ya kubakiza walimu Lindi isiyoanza na ardhi na makazi imeruka hatua ya kwanza.

Kuhusu makazi, mkoa hauna sababu ya kungoja hazina kuu kwa kila tofali. Vijiji kadhaa vya Kilwa, Kikole na Nanjirinji vikiwamo, vimekuwa vikivuna na kuuza mbao kutoka misitu ya vijiji iliyohifadhiwa kisheria, kwa msaada wa asasi ya MCDI, na mapato yamejenga miradi ya kijiji, majengo ya shule yakiwamo. Gesi ya Songosongo inasafirishwa kwenda Dar es Salaam tangu 2004, na halmashauri ya Kilwa hupata ushuru wa huduma kutokana nayo. Ni halali kabisa kwa wananchi kudai sehemu ya fedha hiyo itengwe kwa kanuni iliyoandikwa, kwa nyumba za walimu wa shule za mbali, zikianza na nyumba za walimu wa kike. Shule isiyo na mwalimu wa kike humwacha msichana aliyevunja ungo bila mtu mzima wa kumweleza shida yake, naye huanza kukosa siku, kisha wiki.

Fedha mkononi nayo ina nafasi yake. Katika mgomo wa Julai 2012, Chama cha Walimu Tanzania kilidai, pamoja na mengine, posho ya asilimia 30 kwa wanaofundisha katika mazingira magumu. Mahakama ikausimamisha mgomo na dai likabaki mezani. Gambia ililipa nyongeza ya kati ya asilimia 30 na 40 ya mshahara kwa shule za mbali kuanzia 2006, na walimu wakaanza kuomba wenyewe kupelekwa huko. Kenya hulipa posho ya namna hiyo, lakini baada ya mauaji ya abiria wa basi huko Mandera, Novemba 2014, wengi wao wakiwa walimu, haikuweza kuwazuia wenzao kuondoka kaskazini mashariki. Posho humvuta mtu. Kinachomshika ni maisha anayoyapata akishafika.

Sehemu ya maisha hayo ni kazi yenyewe. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unaoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, umejengwa juu ya wazo zuri: walimu wa shule moja wakutane, wachambue somo gumu, wajaribu darasani, warudi kujadiliana. Lindi ilikwishaonja mafunzo ya ndani ya shule kupitia mradi wa EQUIP-Tanzania tangu 2014. Ugumu uko kwenye idadi. Jumuiya ya kujifunza yenye walimu watatu, wawili kati yao wakiwa wanaunganisha madarasa, haina muda wala watu. Na kuwaita wote kituo cha walimu ni kuifunga shule. Kwa shule hizo inafaa mwalimu mzoefu awe mzungukaji: akae wiki nzima katika shule moja, afundishe pamoja na mwajiriwa mpya, aache pikipiki uani na asiwe na fomu ya ukaguzi mfukoni. Afisa elimu kata hawezi kubeba kazi hii juu ya zote alizonazo, na mwalimu mpya humwogopa kama mkubwa wake.

Lililo kubwa zaidi ni kuchagua wa kuandaliwa. Chuo cha Ualimu Nachingwea kimo ndani ya mkoa, Mtwara na Kitangali viko jirani. Halmashauri za Kilwa, Lindi na Liwale zingeweza kudhamini vijana wao waliofaulu kidato cha nne na cha sita, kwa mkataba wa kurudi kwenye shule iliyotajwa kwa jina, na mafunzo kwa vitendo yakafanyika katika shule za aina ileile, si zile zilizo karibu na chuo tu kwa urahisi wa mkufunzi. Najua pingamizi: kwamba hii ni njia ya kuingiza ukabila katika utumishi, na kwamba pwani haitoi wahitimu wa kutosha. La kwanza linajibika kwa kuweka sifa ya mkataba kuwa ukaazi, si asili ya mtu. Mtoto wa mhamiaji kutoka Shinyanga aliyekulia Somanga ni wa Somanga. La pili lina uzito, ila historia inalipinga. Enzi ya Wajerumani, shule za serikali za miji ya pwani, Kilwa na Lindi zikiwamo, ziliandaa makarani na walimu waliotumwa hadi bara. Upungufu wa leo ni matokeo ya miongo ya shule zisizo na walimu, na utaendelea kujizaa mpaka kizazi kimoja kifundishwe vizuri.

Muda nao umebana. Kwa mtaala ulioanza Januari 2024, ambao elimu ya msingi inaishia darasa la sita, wanafunzi wa darasa la sita na wa la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo. Shule za kata za Kilwa ambazo leo zinatafuta mwalimu wa fizikia zitapokea mara mbili ya wanafunzi. Mwalimu anayetarajiwa kuwapokea anahitaji miaka kadhaa ya masomo na nyumba ya kufikia, na mkataba wake ulipaswa kuwa umesainiwa kabla ya yeye kuingia chuoni.