Uunganishaji wa Mfululizo: Istilahi na Historia Yake

Watunzi wa programu za kompyuta wanao utaratibu wa kuunganisha kazi zao kila mara na kuzijaribu, ndipo wazipeleke kwa watumiaji. Mfasiri aweza kushawishika kuuita "muunganisho endelevu". Yafaa istilahi hiyo tuipime kwa historia.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Juhudi za kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine zilileta hasara, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Badiliko kubwa likiletwa kwa mkupuo, kosa lake huonekana likiwa limekwisha kuenea.

Dawa ya maradhi hayo ilipatikana taratibu. Katika miaka ya 1990 Mmarekani Kent Beck na wenzake walishika kanuni hii: kila mtunzi aunganishe kazi yake na ya wenzake mara kwa mara, kazi yote ijaribiwe, na jaribio likishindwa, kosa lirekebishwe kabla ya jambo jingine. Beck aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1999. Hata hivyo, safari haiishii hapo. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipeleka programu mpya katika mashine saba kati ya nane. Ya nane ilibaki na programu ya zamani, na kwa muda wa dakika 45 hivi kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 400.

Nasi tunazo mashine zetu za nane. Mfumo wa DHIS2 hupokea takwimu za afya za MTUHA kutoka nchi nzima. Tuseme safu moja ya fomu imebadilishwa makao makuu. Huko Kipatimu, katika vilima vya Umatumbi wilayani Kilwa, mhudumu angali anajaza kitabu cha zamani, kwani mvua za masika zimekata barabara ya Njia Nne. Mfumo ukizisoma takwimu zake kwa safu mpya, watoto waliochanjwa watahesabiwa kuwa wagonjwa, na dawa zitaagizwa kwa hesabu isiyo ya kweli. Kwa hiyo mpango ulio salama una ngazi nne: kuunganisha badiliko lingali dogo; kulijaribu kwa fomu mpya na ya zamani; kulipeleka wilaya chache kwanza; na kuwa na njia ya kurudia toleo la awali.

Sasa turejee kwenye neno. "Endelevu", kama katika "maendeleo endelevu", hutaja kitu kinachodumu. Hapa twataka tendo linalorudiwa pasipo kukatika. Ndiyo sababu twapendekeza "uunganishaji wa mfululizo", pamoja na "upelekaji kwa awamu" na "urejeshaji". Wala istilahi hiyo isisimame peke yake. Ofisa anayeandika mkataba wa mfumo na aandike "uunganishaji na ujaribishaji wa mfululizo". Neno la kujaribu likiachwa, mjenzi hatakuwa na wajibu wa kujaribu, na gharama yake itamwangukia mgonjwa wa Kipatimu.