Chombo na Mtunzaji Wake

Neno "chombo" lina kazi nyingi katika Kiswahili. Jahazi ni chombo, chungu cha jikoni ni chombo, kinanda ni chombo, na darubini nayo ni chombo. Lugha imevitia vitu hivi katika kapu moja kwa sababu sharti lao ni moja: hakuna kinachotimiza kazi yake mpaka apatikane mtu wa kukijua, kukishika na kukitunza. Sharti hilo ni rahisi kulielewa Siyu, mji ulio upande wa kaskazini wa kisiwa cha Pate, ambako vyombo huingia kwa mkondo mwembamba uliozungukwa na mikoko, na maji yakipwa hulala matopeni vikingoja bamvua au maji ya kawaida kujaa tena. Darubini nayo ina sharti hilo hilo, lakini historia ya elimu ya nyota huandikwa kwa majina ya wagunduzi na ya serikali zilizotoa fedha. Makala haya yanadai kwamba historia hiyo imemsahau mtu wa tatu, naye ni mtunzaji. Kwamba chombo cha utafiti kinachotumiwa kwa shirika huishi au hufa mikononi mwake. Na kwamba pwani ya Lamu na Malindi, tangu enzi ya mtepe hadi enzi ya setilaiti, ina ushahidi mkubwa wa jambo hilo.

Tuanze na Siyu yenyewe. Mtawa Mreno Gaspar de São Bernardino, aliyepita kisiwani mwaka 1606, aliutaja Siyu kuwa mji mkubwa kuliko yote ya Pate. Haukuwa na bandari ya kina kirefu wala utukufu wa masultani kama jirani yake, mji wa Pate. Nguvu yake ilikuwa mikononi mwa mafundi. Katika karne ya 18 na ya 19 sifa zake zilienea kwa ajili ya maseremala, wafua fedha, washona viatu vya ngozi, na zaidi ya wote wanakili wa misahafu. Karatasi ililetwa kutoka ng'ambo. Hapo Siyu ikapigwa mistari, ikaandikwa kwa wino mweusi na mwekundu, ikapambwa, ikajalidiwa. Msahafu wa namna hiyo ulikuwa na thamani kubwa mno kwa mtu wa kawaida kujinunulia, na desturi ya Kiislamu ilikuwa na jawabu la tatizo hilo: wakfu. Kitu kikishawekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakigawanywi, na manufaa yake ni ya wote. Lakini waliotunga desturi hiyo walijua kwamba neno la kisheria halizuii mchwa, wala halikaushi unyevu wa chumvi unaokula karatasi. Kwa hiyo katika miji ya pwani mwenye kujenga msikiti au kuchimba kisima aliweza kuongeza shamba la minazi au nyumba ya kupangisha, ili pato lake linunue mafuta ya taa, mikeka na chokaa ya kuziba dari, na akamteua msimamizi wa kuhakikisha hayo yanafanyika. Hapo ndipo penye hekima. Gharama ya kukipata chombo na gharama ya kukiweka hai zilihesabiwa mbali mbali, na ya pili ilipewa chanzo chake na mtu wake.

Mtepe unaonyesha jambo hilo hilo kwa upande wa bahari. Mbao za mtepe wa visiwa vya Lamu hazikupigwa misumari. Zilitobolewa na kushonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, tundu zikazibwa, kisha likatwekwa tanga la mkeka. Kamba hiyo ilikipa chombo ulaini wa kugonga fungu la mchanga bila kupasuka, lakini maji ya chumvi na jua viliila polepole. Kila baada ya muda mtepe ulipaswa kukokotwa ufuoni, kamba zilizolegea zifunguliwe, na mbao zishonwe upya. Hata majahazi ya misumari yaliyoushinda mtepe yalikuwa na mahitaji yao: kalafati katikati ya mbao, deheni ya mafuta na chokaa chini, sifa, yaani mafuta ya papa, juu. Siku ya kushua ilikuwa na ngoma na sadaka, lakini maisha ya chombo yaliamuliwa na fundi aliyepitisha kidole kwenye mshono na kujua ni wapi uzi umeanza kuchoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Baharini, usipoziba ufa huna ukuta wa kujenga.

Watu hao hao waliishi kwa kuitazama mbingu. Maka iko karibu kaskazini kabisa mwa Siyu, na ndiyo sababu katika Kiswahili cha pwani "kibla" limekuwa pia jina la kaskazini. Kila mihrabu mjini inakuelekeza kama dira iliyojengwa kwa mawe. Mji uko takriban digrii 2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita utosini, na kijiti kilichosimamishwa wima hukosa kivuli. Miezi mingine kivuli cha adhuhuri huwapo, mara upande wa kaskazini, mara upande wa kusini, kirefu au kifupi kwa kadiri ya msimu. Wakati wa alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapofikia urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kile cha adhuhuri. Maana yake ni kwamba kijiti peke yake hakipimi kitu: lazima awepo mtu anayejua kivuli cha adhuhuri cha siku hiyo, na aliyehakikisha kijiti hakijainama. Mwaka wa jua nao ulihesabiwa kuanzia Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, ukamwongoza nahodha katika pepo za kaskazi na kusi, na mkulima akakitazama Kilimia kujua mvua. Mwezi ulipotarajiwa kuandama, aliyedai kuuona aliulizwa aliuona wapi na namna gani, na ushuhuda wake ukapimwa kwanza kabla ya mji mzima kufunga au kufungua. Zamu, kipimo, ukaguzi na ushahidi: hayo yote yalikuwapo.

Msomaji makini atapinga hapa. Atasema kijiti cha alasiri na mtepe ni mambo ya ibada na safari, na kwamba kuyaweka pamoja na darubini ya utafiti ni kulazimisha undugu usiokuwapo. Pingamizi hilo lina nusu ya haki. Siyu haikuwa na maabara, na haitusaidii kitu kuipa heshima isiyo yake. Ninacholinganisha ni utaratibu wa kushirikiana chombo: nani anakipima upya, nani anakaa zamu, nani anagharimia matengenezo baada ya sherehe ya ufunguzi. Maswali hayo hayabadiliki chombo kinapokuwa cha kamba au cha umeme, na hatuhitaji kwenda mbali kuthibitisha hilo.

Kilomita zipatazo 130 kusini-magharibi mwa Siyu, upande wa pili wa Ghuba ya Ungwana, yamesimama baharini majukwaa ya chuma ya San Marco na Santa Rita, mbele ya kijiji cha Ngomeni. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alipachagua pawe mahali pa kurushia setilaiti kwa sababu ya ikweta: dunia inapozunguka humsukuma zaidi anayeruka kutoka hapo kuelekea mashariki, na njia ya angani iliyo juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya mnururisho unaovuruga vipimo. Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka hapo hadi kwenye mzingo wa dunia, na 4 kati yake zilikuwa vyombo vya kuchunguza nyota. Ya kwanza iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Marjorie Townsend wa shirika la anga la Marekani, NASA, ndiye aliyesimamia mradi huo, na kundi la Riccardo Giacconi ndilo lililotengeneza vipokezi vyake.

Inafaa kukisogelea chombo hicho. Eksirei kutoka angani hazifiki ardhini kwa sababu hewa huzimeza, kwa hiyo anayezitaka hana budi kupanda juu ya hewa. Uhuru ilikuwa na vipokezi viwili vilivyopeana mgongo, ikajizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikiifagia mbingu ukanda kwa ukanda. Orodha yake ya mwisho, iliyotolewa mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya eksirei. Ilionyesha kwamba baadhi yake ni jozi za nyota, moja ikinyonya gesi ya mwenziwe, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilisaidia kuifanya nyota hiyo mgombea wa kwanza mwenye nguvu wa kuitwa shimo jeusi. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Hadithi hiyo kwa kawaida huishia kwenye tuzo. Tukiifuata kwa mtunzaji tunaona mengine. Setilaiti ya SAS-2, iliyorushwa kutoka majukwaa hayo hayo tarehe 15 Novemba 1972 kuchunguza miale ya gama, ilinyamaza tarehe 8 Juni 1973 kwa hitilafu ya kifaa cha kuigawia umeme. Vipokezi vilikuwa vizima, mbingu ilikuwa pale pale, lakini hakuna fundi aliyeweza kuukokota mtepe huo ufuoni. Chombo cha angani huacha utunzaji wake wote duniani: kwa wanaokijaribu kabla ya kuondoka, wanaoisoma afya yake kila siku, na wanaohakikisha antena inainuka kwa wakati. BeppoSAX, darubini ya Waitalia na Waholanzi iliyofanya kazi kuanzia 1996 hadi 2002, ilipita juu ya Malindi karibu kila baada ya saa moja na nusu. Katika dakika zisizozidi kumi na kitu za kila pito, kituo cha Malindi kilipokea yote yaliyokusanywa tangu pito lililotangulia na kupandisha amri mpya. Tarehe 28 Februari 1997 ilinasa mmuliko wa miale ya gama, ikaelekezwa huko katika muda wa saa chache, na kwa mara ya kwanza mwanga unaobaki baada ya mmuliko wa aina hiyo ukaonekana. Ugunduzi huo ulipitia antena iliyosimama katika upepo wa chumvi wa pwani yetu, ambako bolti hushika kutu na kiyoyozi kikizimika mitambo hupata moto. Hadi leo darubini za Swift, ya mwaka 2004, na IXPE, ya mwaka 2021, huteremsha habari zao Malindi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Litasema: fedha zilikuwa za Marekani na Italia, wataalamu walikuwa wageni, na Kenya ilitoa bahari na jina. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na si haki kuificha kweli hiyo kwa fahari ya jina Uhuru. Lakini pingamizi hili linaniunga mkono. Kilichopungua kwetu katika miaka ile hakikuwa hati ya umiliki. Ilikuwa nafasi katika kazi ya utunzaji, kwa sababu humo ndimo fundi hugeuka mhandisi na mhandisi hugeuka mtafiti. Ndiyo maana makubaliano mapya ya Kenya na Italia yaliyotiwa saini Trento mwaka 2016 yana uzito pale yanapoahidi elimu na mafunzo. Ghana ilionyesha njia nyingine: huko Kuntunse antena kubwa ya mawasiliano ya simu, iliyoachwa baada ya nyaya za baharini kuchukua kazi yake, ilitengenezwa upya na kuzinduliwa mwaka 2017 ikiwa darubini ya redio, na mafundi wa Ghana wakajifunza kazi kwa kuifanya.

Wapo pia watakaouliza: kama Siyu ilijua kutunza, mbona ilififia? Historia inajibu. Katika miaka ya 1840 mji huu uliyarudisha nyuma majeshi ya Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar. Mwaka 1863, zama za mwanawe Sayyid Majid, ukaanguka, na kiongozi wake Mohamed bin Mataka akafungwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Neema ya miji ya visiwa hivi ilikuwa imeegemea pia mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa, msingi wa dhuluma ambao haukustahili kudumu. Vita na dhuluma ndivyo vilivyoupunguza mji. Utaratibu wa wakfu na mafundi haukuwa chanzo. Ngozi bado inashonwa Siyu, na ngome yake imekarabatiwa kwa sababu kuna waliokubali kuwa ukuta wa matumbawe unadai chokaa kila kizazi.

Mtepe nao unatuachia onyo. Zanzibar walipojenga mfano wake mwaka 2003, mitepe ya kweli ilikuwa imetoweka baharini miongo mingi nyuma. Miti ya kuchonga ilikuwapo, minazi ya kutoa makumbi ilikuwapo. Kilichokuwa kimekatika ni mlolongo wa vidole vilivyojua mshono. Nchi za Afrika Mashariki zitakapojenga au kujiunga na darubini za shirika, bajeti na ianze kusomwa kutoka mwishoni: nani atakuwa zamu usiku wa mwaka wa kumi, analipwa kutoka shamba lipi la minazi, na ni kijana gani anasimama pembeni yake akijifunza. Mradi usio na majibu hayo umenunua chombo ukamsahau nahodha. Wazee wa pwani walioweka wakfu kisima pamoja na kamba yake walikwisha kulitatua swali hili, na dawa yao bado inafaa.