Kiti cha Enzi na Maarifa ya Kukifungua

Miongoni mwa vyombo vya miti vilivyopata kupamba nyumba za waungwana katika pwani yetu, tangu Pate, Siyu na Lamu hadi Mombasa na Unguja, hapana kimoja kilichojumuisha hadhi ya mwenye nyumba na maarifa ya seremala kama kile kiti kirefu cha mpingo kinachoitwa kiti cha enzi. Umbo lake ni la mistari iliyonyooka, maegemeo yake hupita kichwa cha aliyeketi, mikono yake ni mipana, na mbele yake pana kibao cha kukanyagia, ili nyayo za mgeni zisiguse sakafu. Na juu ya weusi wa mti huo mafundi walitia njumu za pembe za ndovu, vipande vidogo vidogo vyenye nakshi, vikapangwa kwa mizani hata jicho lisijue lianzie wapi kutazama. Hakikuwa kiti cha kila apitaye. Kilitengwa kwa ajili ya mgeni mwenye cheo au mzee aliyestahili taadhima, na hata kilipokuwa kitupu kilitangaza daraja ya nyumba ile.

Viti vya namna hii vilivyosalia ni vya karne ya 18 na ya 19, na wanavyuoni wamehitilafiana sana juu ya asili yake. Wako walioona ndani yake athari za Misri ya zama za Mamluki. Wako waliosema kwamba ni urithi wa Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593 na kutolewa humo mwaka 1698. Na wako walioelekeza macho Bara Hindi. James de Vere Allen, aliyepata kuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Lamu, aliandika makala nzima juu ya viti hivi mwaka 1989. Mjadala huo una faida, wala sidharau elimu ya walioushiriki. Walakini naona umetushughulisha kupita kiasi na swali la nani alikileta kiti, na kutusahaulisha swali ambalo seremala angeliuliza kwanza, nalo ni jinsi kilivyoundwa na kwa nini kiliundwa hivyo.

Basi na tukitazame kwa karibu. Kiti hiki kimeungwa kwa ndimi na matundu: mwisho wa kila kipande umechongwa ulimi, na ulimi huo huingia katika tundu la kipande chenzake, ukashikwa kwa msumari wa mti. Mwenye kuijua njia yake huweza kukifungua kipande baada ya kipande hata kikawa mzigo wa vijiti vilivyofungwa pamoja, kisha akakisimamisha tena mahali pengine kikiwa kamili kama kilivyokuwa. Mahali pa kukalia na pa kuegemea si ubao, bali ni fremu zilizosukwa kwa nyuzi za pamba, ambazo huacha upepo upite mgongoni mwa aliyeketi, na ambazo zikilegea au zikikatika husukwa upya pasipo kugusa mti hata kidogo.

Namna hii ya kuunda haikuwa ya bahati. Mpingo ni mti mgumu na mzito, gogo lake huzama majini. Aghalabu hukua ukipinda, na kiini chake cheusi kimezungukwa na mti wa nje wa rangi ya kimanjano usiofaa kazi, hivi kwamba kupata ubao mrefu na mpana uliotoka katika mti mmoja ni jambo adimu. Kiti kilichojengwa kwa vipande vingi vyembamba na vifupi ndicho kiti ambacho mti huu ulikuwa tayari kukitoa, na fundi aliyekibuni aliutii mti wake kabla ya kuutawala. Tena hali ya hewa ya pwani haina huruma: unyevu wa masika huvimbisha mti, kaskazi huukausha, na chumvi ya bahari hula chuma. Kiungo cha ulimi na tundu huachia nafasi ya mti kupumua. Msumari wa chuma hushika kutu, ukaupasua mpingo kwa ndani, na alama yake haitoki kamwe.

Maarifa haya yalirithiwa kwa kukaa karibu na mwalimu. Kijana alianza kwa kufagia makombo na kushika ncha ya pili ya ubao, akapanda polepole hadi tezo, msumeno, keekee na patasi, akalainisha kazi ya wengine kwa majani makavu ya msasa kabla ya kuruhusiwa kazi yake mwenyewe. Na alipohitimu alimpa mwalimu wake kilemba, ada ya shukrani ambayo bila hiyo haikusemwa kwamba ufundi ule ni wake kwa haki. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilipata sifa ya pekee katika karne ya 19, kwani mji ule mdogo ulikuwa na wanakili wa misahafu, mafundi wa ngozi na wachonga milango kwa wakati mmoja, na mtu aweza kuamini kwamba mkono uliozoea kuona ua likizungushwa pambizoni mwa msahafu haukupata tabu kulizungusha ua hilo juu ya mwimo wa mlango.

Kiti hakikukaa peke yake. Katika msana wa nyumba ya mawe ya Lamu, mbele ya ukuta wenye zidaka, palikuwa na vitanda virefu vyenye matendegu yaliyokerezwa na kupakwa rangi, ambavyo vingi vililetwa kutoka Bara Hindi kwa majahazi, na palikuwa na makasha ya msaji yaliyopigwa njumu za shaba, yenye saraka chini na vyumba vya siri ndani. Mafundi wetu waliviona, wakaviiga, na walipoviiga wakavibadili.

Haitakuwa insafu kuisifu fahari hiyo na kunyamaza juu ya gharama yake. Mali iliyonunua mpingo na pembe ilitoka, kwa sehemu kubwa, katika biashara ya bahari na katika mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa, na pembe zenyewe zilifika pwani mabegani mwa wapagazi baada ya safari za miezi. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na biashara ilipoandama reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, nyumba nyingi za Lamu zilipungukiwa, na vyombo vya mababu vikauzwa kimoja kimoja kwa wageni waliovipenda. Haki iliyopatikana ni kubwa kuliko kiti chochote. Lakini pamoja na viti kuondoka waliondoka pia walioagiza viti, na fundi asiye na mwagizaji hamfundishi mwanawe.

Hapo ndipo ilipozaliwa dhiki ya vyombo vilivyobaki. Nyuzi zikikatika, mtu hupigilia ubao mwembamba juu ya fremu. Kiungo kikilegea, humiminiwa gundi na kukazwa kwa misumari. Mpingo ukififia, hupakwa rangi nyeusi inayoziba kila mshipa wa mti. Aliyefanya hivyo alikusudia kuokoa, na sina nia ya kumlaumu. Lakini kiti kilichogandishwa kwa gundi hakifunguki tena, na kiti kisichofunguka hakiwezi kutengenezwa na fundi atakayekuja. Mtengenezaji mwenye adabu hutenda kinyume chake: hukifungua kwanza, huvipa alama vipande vyote, hutoa chuma kilichoingizwa na wengine, husafisha pasipo kukwangua, kisha ulimi uliovunjika huuunga kwa mpingo mpya uliokaushwa vema, akasuka nyuzi mwisho kabisa, zikiwa zimekazwa sawasawa.

Pembe ilileta swali gumu zaidi. Mwaka 1989 Kenya ilichoma hadharani shehena ya tani 12 za pembe za ndovu, na mwaka huo huo mataifa yalikubaliana kuifunga biashara yake duniani. Mafundi wa Lamu hutumia mfupa wa ngamia au wa ng'ombe mahali pake, nami nauona ubadilishaji huo kuwa mwema kwa njia mbili. Ndovu anasalimika, na tena mfupa una vitundu vidogo mno vinavyoonekana kama nukta, ilhali pembe ina mistari miembamba inayopishana, hivyo mwenye kuchunguza atajua daima kipi ni cha fundi wa kwanza na kipi ni cha aliyetengeneza baadaye. Kutengeneza kunakojitambulisha hivyo si aibu kwa kiti.

Sheria imesaidia kwa kiasi chake. Sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inautaja mlango uliochongwa kabla ya mwaka 1946 kuwa kitu cha kuhifadhiwa, na Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Unguja. Lakini sheria huzuia kitu kisichukuliwe. Kukifungua na kukisimamisha tena ni kazi ya mikono, na mikono hiyo yahitaji mti.

Mpingo huchukua miaka sabini na zaidi kukomaa. Katika misitu ya Kilwa viko vijiji vilivyopata mwaka 2009 hati ya kimataifa ya uvunaji bora wa misitu yao, na mpingo unaovunwa Afrika Mashariki hutafutwa zaidi kwa ajili ya zumari na klarineti za Ulaya. Gogo la mpingo hutoa mabaki mengi yaliyo mafupi mno au yaliyopinda mno kwa wenye klarineti, lakini yanatosha kabisa kwa ulimi wa kiti, kwa msumari wa mti, kwa kijiti cha fremu. Na lau pangekuwa na mapatano ya kuyapeleka mabaki hayo kwa majahazi hadi Lamu, kwenye karakana ambazo vijana wangali wanachonga, lisingekuwapo tena hitaji la kupigilia chuma katika kiti cha enzi kwa kukosa kipande cha mti cha urefu wa kidole.