Rangi ya Zambarau Iliyovujisha Siri za Wasomaji

Kiungo ambacho mtu ameshakifungua kwenye kivinjari hubadilika rangi, kwa kawaida kutoka buluu kwenda zambarau. Desturi hiyo ni kongwe. Kivinjari cha Mosaic, kilichotoka mwaka 1993 katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, tayari kilikuwa kikitofautisha kwa rangi viungo vilivyofunguliwa na vile ambavyo havijaguswa, na vivinjari vilivyokuja baadaye vikairithi. Ilikuwa huduma njema kwa msomaji, maana ilimwepusha kuurudia ukurasa aliokwisha kuusoma. Lakini ili kivinjari kijue kipi kipakwe zambarau, lazima kitunze daftari la kurasa zilizofunguliwa. Daftari hilo likaja kuvuja, na kuliziba kulichukua zaidi ya miaka 20.

Mambo mawili yalitayarisha njia. La kwanza ni JavaScript, lugha ya skripti ambayo Brendan Eich aliibuni mwaka 1995 katika kampuni ya Netscape, toleo lake la mwanzo likikamilika kwa takriban siku 10. Kabla yake ukurasa ulikuwa maandishi na picha. Tangu hapo ukaanza kuja na maagizo yanayotekelezwa ndani ya kompyuta ya msomaji mwenyewe. Netscape walikiona kitisho mapema wakaweka kanuni ya chanzo kimoja, yaani skripti ya tovuti moja isisome yaliyomo kwenye ukurasa wa tovuti nyingine. Hadi leo huo ndio ukuta mkuu wa usalama katika vivinjari vyote. La pili ni CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa, iliyopitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, Desemba 1996. Humo lilikuwamo neno moja, :visited, lililomwezesha mtunzi wa ukurasa kuamua mwenyewe viungo vilivyofunguliwa vionekaneje.

Kila moja kati ya hayo halikuwa na ubaya. Ubaya ulizaliwa yalipokutana. Skripti iliruhusiwa kukiuliza kivinjari mwonekano halisi wa kitu chochote kilichomo ukurasani, na uwezo huo W3C waliuweka rasmi katika viwango vyao Novemba 2000. Kwa hiyo tovuti yoyote iliweza kuandika kiungo cha benki fulani, ikakificha mahali ambapo jicho halifiki, kisha skripti ikauliza kina rangi gani. Jibu likiwa zambarau, mgeni huyo amewahi kuingia kwenye tovuti ya benki ile. Kanuni ya chanzo kimoja haikuguswa hata kidogo, kwa sababu kiungo na skripti vyote vilikuwa mali ya ukurasa uleule. Ndiyo maana kasoro hii ilikuwa ngumu kuliko nyingi: hapakuwa na kipande cha programu kilichoharibika ambacho fundi angekitoa na kukibadilisha.

Onyo la kwanza la kitaaluma lilitoka upande mwingine kidogo. Mwaka 2000, Edward Felten na Michael Schneider wa Chuo Kikuu cha Princeton walieleza jinsi tovuti inavyoweza kupima muda wa kupakia faili. Faili iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye kompyuta hufunguka haraka kuliko inayotoka mbali, na tofauti hiyo ndogo inatosha kusema mtu alipita wapi. Februari 2002, Andrew Clover aliieleza hadharani mbinu ya rangi ya viungo. Mwaka huohuo David Baron, mhandisi wa mradi wa Mozilla, aliiandikisha kasoro hiyo katika daftari la hitilafu la mradi, ikapewa namba 147777. Hata kuzima JavaScript hakukuwa kinga. Mtunzi wa ukurasa aliweza kuagiza kwamba kiungo kilichofunguliwa kipambwe kwa picha fulani, na kivinjari kilipokwenda kuichukua picha hiyo kwenye seva, seva ikapata jibu bila kuuliza lolote.

Taarifa ile ilikaa wazi kwa miaka minane. Sababu zilikuwapo: kuondoa rangi kabisa kungewanyima wasomaji msaada waliouzoea, na kubadili kanuni za CSS kungeharibu kurasa nyingi zilizokwisha kutungwa. Hata hivyo, miaka minane ni mingi mno kwa jambo linalogusa siri za watu, na si wote waliolijua walikaa kimya wakisubiri marekebisho. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walikagua tovuti 50,000 zilizokuwa zikitembelewa zaidi duniani, wakakuta 46 zinazopekua historia za wageni wao kwa njia hii. Mwaka huohuo kundi jingine la watafiti lilionyesha kwamba kurasa za vikundi ambavyo mtu amevifungua kwenye mtandao wa kijamii wa Xing ziliweza kutosha kumtambua yeye binafsi, maana ni wachache wanaoshiriki mchanganyiko uleule wa vikundi.

Kesi iliyoonyesha uzito wa jambo ni ya kampuni ya matangazo ya Epic Marketplace. Kwa mujibu wa Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, kati ya Machi 2010 na Agosti 2011 kampuni hiyo ilikuwa ikipima iwapo watumiaji wamewahi kufungua kurasa za zaidi ya tovuti 54,000, zikiwamo zinazohusu uzazi, ukomo wa hedhi, upungufu wa nguvu za kiume na kufilisika. Hayo ni mambo ambayo mtu huenda hajamweleza hata ndugu yake. Desemba 2012 Tume ilitangaza makubaliano yaliyoikataza kampuni kutumia mbinu hiyo na kuitaka iteketeze taarifa ilizokusanya.

Dawa yenyewe ilikuwa imekwisha kutoka kwa Baron, Machi 2010, nayo inastahili kuelezwa kwa utulivu. Kwanza, kivinjari kilifundishwa kuidanganya skripti: ikiuliza rangi ya kiungo, hujibiwa daima kana kwamba hakijafunguliwa, hata kama msomaji anakiona cha zambarau. Pili, :visited iliachiwa rangi peke yake, ikanyang'anywa picha, ukubwa na nafasi, ili mpangilio wa ukurasa usimwage siri. Tatu, kazi ya kuchora kiungo ilipangwa ifanane kwa hali zote mbili, ili muda usiwe shahidi. Firefox 4, kivinjari cha Mozilla, ilitoka na ulinzi huo Machi 2011, na vivinjari vingine vikubwa vikaufuata mkondo uleule.

Daftari, hata hivyo, lilibaki lilelile, na wapekuzi walitafuta matundu mengine. Mwaka 2011 watafiti walitengeneza mafumbo na michezo ambayo mtumiaji, kwa kubonyeza anachokiona, aliisomea tovuti rangi ambazo skripti ilikatazwa kuziona. Mwaka 2013 mtafiti Paul Stone alionyesha kwamba muda wa kuchora upya skrini bado ungeweza kupimwa kiungo kinapobadilika rangi. Mwaka 2018 njia nyingine kadhaa zilichapishwa, baadhi zikitumia uwezo mpya wa uchoraji uliokuwa ndio kwanza umeongezwa kwenye vivinjari.

Badiliko la mizizi lilikuja na Chrome 136, iliyotoka mwishoni mwa Aprili 2025. Badala ya kuficha jibu, Google waligawanya daftari lenyewe. Kila kiungo kilichofunguliwa sasa huandikwa pamoja na tovuti ambamo mtumiaji alikibonyeza na fremu iliyokibeba, na hakipakwi zambarau mpaka vyote vitatu vilingane. Tovuti ngeni ikiweka kiungo hichohicho hukiona cha buluu, kwa kuwa kwenye sehemu yake ya daftari hakijawahi kuandikwa. Umeachwa mwanya mmoja tu: tovuti inaweza kuonyesha zambarau kwenye viungo vya kurasa zake yenyewe, hata kama msomaji alizifikia kwa njia nyingine, kwani mwenye tovuti tayari anaweza kujua ni zipi kati ya kurasa zake zilizofunguliwa.