Rungu Lililokabidhiwa kwa Kosa

Ukitoka Wasso, Loliondo, ukaelekea mpakani, hufika mahali simu ikaanza kukukaribisha Kenya. Miguu bado iko Ngorongoro, ng'ombe mbele yako ni wa Tanzania, lakini mtandao umeshakuhamisha. Raia hulaani salio lake akaendelea na safari. Askari wa doria hana anasa hiyo. Simu inayoitikia mnara wowote wenye sauti kubwa inamtangazia adui alipo mwenye nayo, tena bila yeye kusema neno.

Ndiyo maana majeshi yanatafuta redio zisizotegemea mnara. Kila redio inakuwa mjumbe wa mwenzake: moja ikizimwa, ujumbe unapita kwa nyingine. Tena haikai kwenye wimbi moja. SINCGARS, redio ya jeshi la Marekani, huruka kutoka wimbi hadi wimbi mara 111 kwa sekunde. Wauzaji husifu siri na ustahimilivu wa mitambo hii kana kwamba ndiyo mambo mapya. Mimi naona jipya liko kwingine, na kulionyesha naanza na pembe.

Pembe ya tandala, emowuo kwa Kimaasai, ikilia, morani anaacha alichoshika. Pembe haifichi kitu. Adui akisikia, amesikia. Pwani nako tuna mbiu ya mgambo, na siwa za Pate na Lamu, ya pembe ya ndovu na ya shaba, zilizopulizwa kwa heshima ya watawala. Vyote hivi huita tu. Habari yenyewe huja kwa kinywa cha mtu, na mtu huyo lazima ajulikane ni nani. Laigwanani, kiongozi na msemaji wa rika la Wamaasai, hushika rungu jeusi: ukiliona, umejua anayesema ana mamlaka ya kusema. Rungu ni nenosiri lenye mpini.

Sasa tazama nenosiri hilo lilivyoibwa. A. C. Hollis aliandika kisa hiki katika kitabu chake cha mwaka 1905, na wazee bado wanakisimulia. Mbatiany, laiboni mkuu, yaani mganga na mtabiri wa Wamaasai, alipokaribia kufa alimwambia mwanawe Senteu aje alfajiri apokee vifaa vya ulaiboni. Mdogo mtu, Lenana, alikuwa amejificha kwenye zizi la ndama, akasikia. Kulipopambazuka alimtangulia kaka yake. Mzee, mkongwe na mwenye jicho moja, akamkabidhi rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu, mawe na mfuko. Senteu alipofika, aliambiwa vimeshatolewa.

Msomaji wa Biblia atasema huyu ni Yakobo na Esau. Ndiyo, na kufanana kwenyewe ndiko kunakonivutia. Isaka aligusa manyoya mikononi. Mbatiany alitegemea jicho lisiloona vizuri. Wote wawili walikuwa na namna ya kumtambua anayekuja, na wote wakadanganywa kwenye namna hiyohiyo. Kisha, baada ya kugundua, hakuna aliyeweza kutengua. Baraka imetoka, mfuko umetoka, basi. Wafuasi wa Senteu, ambao bila shaka wana sababu zao za kusimulia hivi, walijitenga upande wa Loita, nchi inayoshikana na hii ya Loliondo. Ndugu wakapigana miaka, hadi Senteu aliposalimu amri mwaka 1902. Wakati huo Waingereza walikuwa wamekwisha kumtambua Lenana kuwa ndiye mkuu wa Wamaasai. Mwenye mfuko ndiye mwenye neno.

Redio ya leo ya kijeshi ingeshughulikia kisa hiki vingine. Funguo za usimbaji hubadilishwa kwa ratiba. Redio ikitekwa, makao hutuma amri ya kuifuta, na wenzake wote wanahamia funguo mpya. Aliyeiba anabaki na boksi lenye betri. Kwa Mbatiany hilo halikuwezekana. Kwangu usasa ni huo: uwezo wa kumnyang'anya imani aliyekwisha kuipata kwa hila. Kasi na umbali ni nyongeza.

Upande wa ustahimilivu, sijaona mtandao uliowazidi wapiganaji wa Maji Maji. Habari ya maji ya Kinjikitile wa Ngarambe, yaliyosemwa kuzuia risasi za Wajerumani, ilisambaa kwa kunong'onezana, kijiji kwa kijiji, ikabebwa na wajumbe walioitwa hongo. Haukuwapo waya wa kukata. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, watu waling'oa pamba shambani, na kila Mmatumbi akaelewa kwamba vita vimeanza. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile tarehe 4 Agosti. Kwa hesabu za jeshi la kizungu, kichwa kikikatwa mwili huanguka. Haukuanguka. Tarehe 30 Agosti maelfu walishambulia boma la Mahenge, na bunduki za rashasha zikawafyeka.

Hapo ndipo ustahimilivu unapoonyesha upande wake wa pili. Baada ya Mahenge, ukweli ulikuwa wazi kwa walionusurika kwamba maji hayazuii risasi. Lakini mtandao ule ulijengwa kupeleka mbele tu. Maji yaliendelea kusafiri hadi Ungoni, na Wangoni nao wakayanywa, wakaingia vitani. Hakukuwa na sauti moja yenye mamlaka ya kusema "acheni", na kama ingekuwapo, nani angethibitisha si sauti ya boma la Mjerumani? Ujumbe usioweza kuzuiwa na adui, hata mwenyewe hawezi kuuzuia.

Wajerumani walipata somo hilohilo kwa upande wa pili. Novemba 1917 meli yao ya angani, L59, iliondoka Jamboli huko Bulgaria kumpelekea von Lettow-Vorbeck, kamanda wao vitani Afrika Mashariki, silaha na dawa. Ilipofika anga la Sudan, magharibi ya Khartoum, redio ikaleta amri: rudini. Ikarudi, baada ya saa 95 angani na zaidi ya kilomita 6,700. Afisa mmoja wa Kiingereza, Meinertzhagen, alidai baadaye kwamba amri ile ilikuwa ya bandia, kazi ya wapelelezi wao. Wanahistoria wengi hawamwamini, nami simwamini sana. Lakini rubani angani angejuaje? Lettow-Vorbeck mwenyewe hakuwa na redio ya kumjibu. Kituo cha Bukoba, kwa mfano, Waingereza walikuwa wamekiharibu tangu Juni 1915.

Na usimbaji wa hesabu ngumu peke yake hauokoi. Mwaka 1942 Waingereza walihamishia wasikilizaji wao wa redio Kilindini, Mombasa, ndani ya shule ya Allidina Visram iliyotazama bahari. Kulikuwa na mfumo wa usimbaji wa Kijapani, JN-40, uliowashinda. Kisha Mjapani mmoja akatuma ujumbe uleule mara mbili, mara ya pili akiongeza jambo dogo alilolisahau. Hilo likawatosha; kufikia Novemba walikuwa wakisoma kila kilichopita. Uzembe wa karani mmoja ulifanya kazi ya zizi la ndama.

Wakubwa wanaponunua redio mpya za jeshi, hupelekwa kwenye maonyesho wakaonyeshwa zinavyosikika kutoka mlima hadi mlima. Huko Wasso hata pembe ya tandala husikika mlima hadi mlima. Ningewaomba waulize maswali mawili kabla ya kusaini: mwanajeshi akipoteza redio hii saa nane usiku porini, inachukua dakika ngapi kuizima? Na amri ya kuizima ikifika, wenzake watajuaje kwamba haikutoka kwa yule aliyeiokota?