Aksiomu za seti ni nini? Tuzielewe kupitia listi za wakati wa Ebola

Seti, ambayo wanafunzi wa sekondari huku kwetu wanaijua kwa jina la Kifaransa ensemble, ni kundi la vitu ama watu tunaolichukua kama kitu kimoja. Aksiomu ni kanuni ya mwanzo: tunaikubali bila kuithibitisha, kisha mengine yote yanasimama juu yake. Mjerumani Ernst Zermelo alipanga aksiomu za seti mwaka 1908.

Hesabu hii inaonekana iko mbali na maisha yetu. Lakini wakaaji wa Beni na Butembo waliiona kwa macho wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020. Kila mgonjwa alipopatikana, wahudumu wa afya waliandika listi ya watu waliokutana naye, wakawafuata siku 21. Listi ile ni seti.

Kanuni ya kwanza: seti inajulikana kwa memba wake. Listi mbili zenye memba walewale ni seti moja, hata kama mpangilio si mmoja ama mtu ameandikwa mara mbili. Kwetu Wanande, majina kama Kambale, Kasereka, Masika na Kahindo yanafuata nafasi ya mtoto katika kuzaliwa. Basi Kambale wawili wa avenue moja ni memba wawili. Na mama mmoja aliyeandikwa Beni, kisha tena Butembo, ni memba mmoja. Ukichanganya jina na mtu, mmoja anasahaulika na mwingine anahesabiwa mara mbili.

Kanuni ya pili: seti tupu ipo. Listi isiyo na mtu siyo sawa na kukosa listi. Ebola ilitangazwa kuisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, ni kusema siku 21 mara mbili. Listi ya wagonjwa wapya ilikuwa tupu, lakini watu walikuwa wanaangalia kila siku.

Kanuni ya tatu: muungano. Chanjo ilitolewa kwa waliokutana na mgonjwa, pia kwa waliokutana na hao. Kila mmoja alikuwa na listi yake. Kanuni hii inaruhusu kuziunganisha zote ziwe seti moja, kila mtu akiingia mara moja tu. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa.

Kanuni ya nne: kuchagua. Ndani ya seti iliyopo tayari, unaweza kutoa wenye sifa fulani, tuseme wenye homa. Lakini lazima seti ya kuanzia iwepo. Sababu ni mtego ambao Mwingereza Bertrand Russell aliugundua mwaka 1901. Waza listi ya listi zote zisizojitaja zenyewe. Je, yenyewe inajitaja? Ikijitaja, haifai kuwemo. Isipojitaja, inapaswa kuwemo. Hakuna jibu, na kanuni ya Zermelo inazuia listi kama hiyo isiundwe.

Ziko aksiomu zingine, kama ile ya seti isiyo na mwisho. Lakini hizi nne zinatosha kuanza. Siku watakapoandika listi ya wahamaji kwenye mtaa wako, uliza: memba ni watu gani hasa? Wamechaguliwa kutoka seti gani? Na kama listi ni tupu, nani alikwenda kuangalia?