Barabara ya Malindi Ina Wenyewe

Jumamosi asubuhi ukisimama kituo cha Bombolulu utaiona misafara ya magari ya watu wanaokwenda kutembea. Sita, saba, yamefuatana, taa za tahadhari zinawaka, vioo vimeshushwa. Wengine wametoka Nairobi usiku, wengine wamekusanyika kisiwani Mombasa baada ya chai. Wanakwenda Kilifi, Watamu au Malindi, na chakula cha mchana kimeshapangiwa mahali penye upepo wa bahari. Sina ugomvi nao, kwani nchi ni yao na barabara ni yao. Ninachogombea ni ratiba wanazotumiana. Niliyoonyeshwa mimi ilisema kwamba kutoka Daraja la Nyali mpaka Mtwapa hakuna cha kusimamia. Mimi ni mtu wa Bombolulu, na maneno hayo yamenikaa kooni.

Wanaoandika hivyo hudhani barabara hii ilizaliwa na hoteli za pwani ya kaskazini. Sivyo. Watu waliipita njia hii kwa miguu na kwa chombo kabla ya hoteli, kabla ya lami, kabla ya Fort Jesus ya 1593. Kila mwanafunzi ameshasomeshwa habari za Vasco da Gama, aliyeikosa Mombasa Aprili 1498 akaenda kupokewa Malindi siku chache baadaye, na uhasama wa miji hiyo miwili tumeshaimbiwa vya kutosha. Lisilosemwa sana ni kwamba kati ya Tisa Taifa, zile koo tisa za Waswahili wa Mombasa, mojawapo inaitwa Wakilifi na nyingine Wamtwapa. Watu hao waliihama miji yao ya kaskazini wakaja kuishi kisiwani, na huku bara yakawa mashamba. Kwa hiyo njia ambayo leo msafara unaikata kwenda juu, wao waliikata kuja chini, na hawakuwa wakistarehe.

Baadaye wakaja wamisionari wa Kianglikana wa CMS, wakaanzisha Freretown katika miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, wakaipa jina la Sir Bartle Frere. Kengele yao ingali penye njia panda ya Kengeleni. Hapo ndipo msafara unapopinda kushika Barabara ya Malindi, na dereva anakuwa na shughuli ya kumkwepa mwenye tuktuk, kengele haitazami.

Lakini mimi nataka kukaa darajani.

Kabla ya 1931 aliyetaka kuvuka kutoka kisiwani kwenda Nyali, Kisauni au huku kwetu alivuka kwa mashua au mtumbwi. Mwaka huo likafunguliwa daraja la kuelea, lililokaa juu ya maboya. Kwa kuwa lilielea, lilipanda na kushuka na maji. Maji yakijaa, njia ikawa sawasawa na ukingo. Yakipwa, hasa siku za bamvua, gari liliteremka kuingia darajani na kupanda tena kutoka. Dereva wa Mombasa ya wakati ule ilimbidi ajue mwezi umefika wapi kama anavyojua mvuvi. Sijui barabara nyingine ya magari katika nchi hii iliyomfundisha dereva somo hilo.

Na daraja hilo halikuwa la serikali. Lilikuwa la kampuni, Nyali Limited, iliyokuwa na ardhi yake upande wa bara, na kampuni ilitoza ushuru. Hapo ndipo fitina ilipoingia. Magari ya jeshi yalikuwa yakipita, na jeshi likashika kwamba halipaswi kulipa. Kampuni ikashika kwamba linapaswa. Bishano la senti za kuvukia mkono wa bahari likafika Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1955, mbele ya majaji watatu, mmoja wao Denning. Ni katika kesi hiyo Denning alipotoa ule mfano wake mashuhuri wa mti wa mwaloni: kwamba sheria ya Uingereza ni kama mwaloni wa kwao, huwezi kuupandikiza Afrika ukatazamia uwe na ugumu uleule; utamea, lakini unataka kutunzwa.

Mwanasheria yeyote wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anaujua mwaloni huo. Umenukuliwa katika mitihani na hukumu na hotuba za kuapishwa. Muulize daraja lenyewe lilikuwa wapi, lilikuwa la namna gani, nani alikuwa akivuka, ndipo utakaposikia kimya. Vitabu vya sheria vimeuhifadhi mti wa Ulaya vikalisahau daraja la Mombasa. Hilo linanikera kuliko ninavyoweza kusema kwa adabu. Nani alishinda, jeshi au kampuni, si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba wabishi walikuwa wawili tu, kampuni na serikali ya Uingereza, na wote wawili walibishana juu ya maji ambayo watu wa Kisauni na Kongowea walikuwa wakiyavuka tangu hapo. Mkulima mwenye kikapu cha maembe hakuwa upande wowote wa kesi. Hakuulizwa. Na ndiye aliyekuwa akiivuka njia hiyo kila siku, wala si msafara wa Jumamosi.

Ukiacha daraja, ukiendelea kaskazini, kulikuwa na mikono miwili mingine ya bahari ya kuvuka, Mtwapa na Kilifi. Huko kulikuwa na feri za kuvutwa kwa mikono. Wasafiri wa Kizungu walioandika habari za safari zao za kwenda Malindi waliipenda mno ile ya Mtwapa, wakaiita feri inayoimba. Gari linaingizwa, watu wanashika mnyororo, wanaimba na kupiga vishindo kwa miguu, feri inakwenda. Msafiri anapiga picha. Kwake lilikuwa tamasha lililojumlishwa katika nauli.

Mimi nawapinga waandishi hao, si kwa kusema uongo, maana kuimba kulikuwako, bali kwa walichokiona. Wimbo wa kazi si pambo. Watu wanane au kumi wanaovuta mzigo mmoja lazima mikono ivute pamoja na pumzi itoke pamoja. Akikosea mmoja, wenzake wanabeba sehemu yake. Mabaharia wa majahazi waliimba wakipandisha tanga kwa sababu hiyohiyo, na wavuvi wa juya wanaimba hadi leo. Yule abiria aliyesimama kando ya gari lake akitabasamu alikuwa akisikiliza chombo cha kazi kikitumika. Tumeachiwa maelezo mengi ya sauti zao, lakini majina ya wavutaji wenyewe hatukuachiwa, wala ujira waliopewa, wala habari za viganja vyao mwisho wa siku.

Tena feri ndizo zilizowapa wasafiri chakula. Foleni ya kungoja kuvuka ilikuwa ndefu, na penye foleni pana biashara: madafu, maembe, samaki wa kukaanga, korosho za kuchoma. Watu walikula mchana Kilifi kwa sababu Kilifi iliwazuia, na ndipo ikawa desturi. Daraja la Kilifi lilipofunguliwa 1991 foleni ilikufa siku moja, na riziki za waliokuwa wakiuza pale zikaenda nayo. Korosho zimebaki zikiuzwa Kilifi, ingawa kiwanda cha korosho cha serikali kilichoanzishwa mjini humo miaka ya 1970 kilikuja kuporomoka. Unapozinunua dirishani bila kuzima injini, jua unanunua kilichobaki cha soko zima.

Niliwahi kusoma habari za Blue Ridge Parkway, ile barabara ya milimani ya Marekani inayopita katika safu ya Appalachia. Ilianza kujengwa 1935, ikakamilika 1987, urefu wake kama kilomita 755. Malori ya biashara hayaruhusiwi kuipita. Imejengwa kwa ajili ya kutazama tu, na kila baada ya mwendo mfupi pametengwa mahali pa kuegesha gari uangalie bonde. Vikundi vya wenye magari huipanga safari nzima kwa vituo hivyo na kwa mahali pa kula. Naisifu. Lakini wenzetu wanaotaka kuiendesha Barabara ya Malindi kwa mtindo ule wanajidanganya. Yetu ni barabara ya kazi inayobeba starehe mgongoni. Ina malori ya simenti ya Bamburi, ambako kiwanda kilianza uzalishaji 1954. Ina mabasi ya Lamu, matatu za Mtwapa, mikokoteni ya maji, watoto wa Ziwa la Ng'ombe wanaovuka kwenda shule. Asiyewaona hao hajaiona barabara, hata akipiga picha za bahari mia.

Na Bombolulu je? Hapa, kando ya barabara hiyohiyo, Chama cha Walemavu wa Viungo Kenya, APDK, kilianzisha karakana zake mwaka 1969. Wanaofanya kazi humo ni mafundi wenye ulemavu: wanatengeneza mapambo ya shaba, wanachonga, wanashona nguo, wanafanya kazi za ngozi, wanatengeneza viti vya magurudumu. Mtazame fundi wa shaba. Waya anaukata vipande, anaukunja kwa koleo, anaugonga juu ya chuma mpaka ubapae, anausugua mpaka ung'ae, kisha anaufunga pamoja na mbegu au mfupa, na mkufu umetoka. Hakuna asiloweza kukueleza juu ya kazi yake ukimuuliza. Kuna pia kituo cha utamaduni chenye nyumba za kienyeji za makabila mbalimbali. Mabasi ya watalii yalikuwa yakiingia pale wakati wa mchana, wageni wakatembezwa, wakala, wakacheza ngoma, wakanunua.

Kwa hiyo anayesema kati ya Nyali na Mtwapa hakuna kituo cha chakula cha mchana anafuta miaka mingi ya kituo hasa cha chakula cha mchana. Wageni wa kutoka ng'ambo walijua kusimama Bombolulu. Sisi wenyewe ndio tunaopita.

Yaliyofuata nitayapitia mbio, maana wengi mliyaona. Daraja jipya la Nyali, la saruji, lililojengwa na Wajapani, likafunguliwa 1980, na lile la kuelea likaondolewa. Mji ukavuka: mashamba yakawa viwanja, viwanja vikawa maghorofa. Zikaja vurugu za Likoni za 1997, kisha shambulio la Kikambala Novemba 2002, kisha tahadhari za 2014 zilizowafanya Waingereza wawarudishe watalii wao kwao. Kila mara hoteli zilipokauka, mafundi wa shaba wa Bombolulu walikosa wanunuzi, kwa makosa yasiyo yao. Sasa barabara inapanuliwa kutoka Mombasa kupitia Mtwapa na Kwa Kadzengo hadi Kilifi. Itakuwa pana na ya kasi, na msafara utapita Bombolulu upesi zaidi kuliko unavyopita leo.

Upanuzi huo siupingi. Foleni ya Mtwapa imetutesa vya kutosha. Ninaloomba ni vitu vidogo visivyogharimu hata mita moja ya lami. Makumbusho ya Taifa na serikali ya kaunti waweke kibao upande wa bara pale daraja la kuelea lilipotia nanga, isemwe humo kwamba kesi ya mwaloni ilianzia hapa. Waweke kingine Mtwapa pa feri, kwa heshima ya wavutaji. Wazee waliozivuta feri hizo au waliozaliwa na waliozivuta wahojiwe sasa, kwa majina yao, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, kabla hatujabakiwa na albamu za wageni peke yake.

Na wewe mwenye gari, ukipanga safari ya kwenda Kilifi na wenzako, andika Bombolulu katika ratiba. Ingieni karakana, mnunue kwa bei aliyoitaja fundi, msimpunguze. Kisha mle mchana huku kwetu: wali wa nazi na samaki wa kupaka, au pilau na kachumbari kwa mama yeyote mwenye kibanda na moto. Kilifi mtafika, haihami.